Ule Ukuta wa Mlangoni

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na kama ilivyo kawaida ya Tunduma, vumbi limegeuka tope kabla watu hawajamaliza kumshukuru Mungu. Bati la kibanda changu linapiga kelele mpaka mteja anayekuja kuniambia redio yake haisikiki, na yeye mwenyewe hasikiki.

Mteja wa leo alisikika. Mzee Makame, mwenye malori, Mpemba aliyekuja hapa mpakani kwa wiki mbili miaka thelathini iliyopita na hajaondoka. Anaongea kama yuko upande wa pili wa foleni ya malori. Kaleta sabufa mpya, spika tano na dude lake la kuvumisha. Ni ya tatu mwaka huu. Ya kwanza niliifungua mwenyewe mwezi wa tano, nikakuta haina ubaya, nikaipuliza vumbi nikaifunga. Ya pili aliipeleka kwa fundi wa stendi, akabadilishiwa kitu ambacho hakikuwa kibovu.

"Fundi Tukuswiga, na hii nayo maneno hayasikiki. Kelele tupu! Nimeuziwa feki?"

Nimemwambia keshokutwa nitakuja kwake. Vifaa vitatu tofauti haviwezi kuugua ugonjwa mmoja. Nyumba ndiyo mgonjwa. Sikumwambia, maana nataka niugundue mbele yake, anione, mimi fundi mwanamke.

Ijumaa, 21 Novemba

Nyumba iko Majengo. Sebule kubwa, vigae vinavyong'aa ukajiona meno, kuta tupu, madirisha mapana ya vioo, masofa ya ngozi. Zulia limekunjwa likapelekwa stoo kwa sababu ya tope, na mapazia mazito yameshushwa yasichafuke. Yaani kila kitu laini kimetolewa, wamebakiza vigumu peke yake.

Nikasimama katikati nikapiga kofi moja. Likarudi mara nne.

"Umesikia hiyo, mzee?"

"Nimesikia nini?"

"Kofi lilikuwa moja."

Nikamweleza polepole. Neno likitoka kwenye spika linafika sikioni, halafu linaenda kugonga ukuta, dirisha na kigae, linarudi tena limechelewa, na wakati huo neno la pili limeshafika. Yanagongana mlangoni mwa sikio. Ukiongeza sauti, unaongeza na wagombanaji. "Spika zako nzima kabisa. Chumba ndicho kinachoongea sana."

"Chumba kinaongea?"

"Kuliko hata wewe."

Binti yake, Fauzia, anayefanya kazi kwa mawakala wa forodha, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Makame hakucheka, lakini hakunifukuza pia.

Mama mwenye nyumba sikumwona. Nilisikia tu "Marahaba, mwanangu" kutoka chumbani. Fauzia kanisindikiza akaniambia: Bi Raudha alipoteza macho mwaka juzi, presha ya macho, wakachelewa kujua. Alikuwa mpenzi wa tamthilia, hakuna iliyompita. Sasa anakaa chumbani na redio ndogo. Sabufa zote tatu zilinunuliwa kwa ajili yake, na kila ikija mpya anakaa nayo siku mbili, kichwa kinamuuma, anarudi chumbani.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani. Tope. Kiatu kimoja kimebaki njiani, nikarudi kukichukua.

Jumanne, 2 Desemba

Mzee Makame kaja dukani, na leo alikuja bila kelele, jambo lililonitisha kuliko radi ya jana.

Kakaa kwenye stuli ya wateja, akazungusha kikofia chake mkononi. Bi Raudha kamwambia kwamba Idd ikipita anakwenda kwa dada yake kule kisiwani, Wete, na harudi. Anasema hapa amekuwa kifurushi cha kuhamishwa hamishwa. Begi ameshalipanga, liko nyuma ya mlango wa chumba.

"Miaka thelathini na moja, fundi. Nilipokuja huku sikuwa na hata baiskeli, akanifuata. Sasa nikimwita sebuleni hanigeukii. Ananigeuzia uso dirishani. Nadhani amenichoka, ndiyo basi tu hasemi."

Sikuwa nimewahi kumwonea huruma mwenye malori. Leo nimemwonea. Na kwa kuwa huruma na majivuno kwangu vinakaa chumba kimoja, nikamwambia, "Mzee, kabla ya Idd mkeo atakaa sebuleni kwa hiari yake. Ukiona hakai, usiniite fundi tena."

Marehemu fundi Yonasi, aliyenifundisha kushika waya, ndiye aliyenizoesha kuandika kila kazi kwenye daftari. Aliniambia pia nisiahidi kitu nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimesimama.

Alhamisi, 4 Desemba

Mzee kanunua trei tisini za mayai, tupu. Kijana mmoja wa studio kamwambia zikibandikwa ukutani zinamaliza mwangwi. Nimemwambia azirudishe kwa wenye kuku. Trei nyembamba vile inazuia nini? Labda yai.

Jumanne, 9 Desemba

Leo nimejipongeza mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine karibu.

Ninachotaka ni fremu za mbao, nene kama kiganja, zijazwe kitu chepesi chenye nafasi nafasi ndani, zifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa. Sauti iingie, izunguke humo ichoke, isirudi. Sufi ni ghali na godoro ni ghali zaidi. Nikamkumbuka shemeji Danieli anayesomba mchele kutoka Kamsamba. Kaniletea magunia sita ya pumba za mpunga, bure. Nyepesi, kavu, zimejaa hewa. Nani mwingine Tunduma nzima angefikiria?

Seremala Lusubilo kachonga fremu. Nimezifunika kwa magunia ya katani yaliyofuliwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Fremu sita zimejaa pumba, ndizo naziita paneli, ziko ukutani. Zulia limerudi, nimewaambia tope litafutwa mlangoni, siyo sebuleni. Kofi sasa linarudi mara mbili.

Jumamosi, 27 Desemba

Nilikuwa Isongole kwa Krismasi. Mvua milimani siku tano mfululizo, mahindi ya mama yamefika kiunoni. Mama kauliza ni kweli nalipwa kuning'iniza magunia kwenye kuta za watu? Nikasema ndiyo. Akashukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga, Mungu anakupenda," kwa namna ya mtu anayejiandaa kunilisha uzeeni mwangu.

Jumanne, 6 Januari

Aibu.

Nimefika asubuhi kuangalia kazi. Bi Raudha alikuwa anapita koridoni na kandambili zake, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, uso ameunyanyua kidogo. Ni mara ya kwanza kumwona. Akasimama, akavuta hewa puani.

"Fundi, umeniletea shamba?"

"Shamba gani, mama?"

"Kuna kitu kinaota humu ndani. Nasikia harufu yake."

Nikazunguka. Paneli ya chini ya dirisha ilikuwa imeloa, dirisha linavuja pembeni. Na pale kwenye kitambaa, vichipukizi vya kijani, kumi hivi, kimoja kirefu kama kidole. Pumba za Kamsamba zilikuwa na punje zake. Mpunga umeota ukutani kwa Mzee Makame.

Fauzia akapiga picha. Mzee Makame akainama akaangalia muda mrefu, akauliza kama tusubiri kuvuna. Nilivyofungua paneli nyingine nikakuta fukusi, wale wadudu wa nafaka, wamehamia na familia zao. Nimezitoa zote sita. Nilitembea nazo kwenye mkokoteni katikati ya Majengo, watu wakinisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Bi Raudha alicheka, lakini. Nilimsikia akiwa chumbani, na Fauzia akaniambia hajamsikia mama yake akicheka hivyo tangu apoteze macho. Basi si hasara yote.

Ijumaa, 9 Januari

Rafiki yangu Erica anauza mitumba sokoni, sweta na mablanketi. Kila belo likifunguliwa kuna yale yasiyonunulika: yaliyotoboka, yaliyosinyaa, yenye mikono mitatu, sijui yalishonwa na nani. Anayatupa au anawapa watu wa kupangusia malori. Nimemwambia sasa anipe mimi.

Nilichagua kwa pumzi. Unaweka sweta mdomoni unapuliza. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, ndilo lenyewe. Ikipita bure, jepesi mno. Isipopita kabisa, sauti nayo itagonga na kurudi.

"We Tuku, acha bana," Erica akasema. "Watu wanakuangalia unabusu masweta. Watasema umerogwa."

"Waambie natafuta mume."

Jumamosi, 17 Januari

Paneli kumi na mbili, zimejaa sweta. Hakuna kitu kinachoota.

Leo nimepanga mahali pa kuzitundika. Njia yenyewe ni rahisi: mtu anakaa anapokaa siku zote, mwingine anapitisha kioo ukutani. Anayekaa akiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kumfikia, paneli inakwenda hapo. Mzee Makame akakaa kwenye sofa lake kubwa la katikati, Fauzia akapitisha kioo, mimi nikapiga alama kwa chaki. "Naiona! Naiona!" mzee anapiga kelele kama mtu aliyeona treni.

Mvua imeanguka saa nzima, tukasubiri. Hatukusikilizana.

Jumamosi, 24 Januari

IMEKWISHA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nastahili.

Paneli nne kila upande, mbili nyuma, mbili ndefu kwenye ukuta wa koridoni karibu na mlango. Mapazia mazito yamerudi. Kofi nikipiga, linakufa pale pale. Nikaweka filamu ya vita. Mzee Makame kwenye sofa lake. Askari akatembea nyuma, mzee akageuka kuangalia nyuma ya sofa! Akashusha sauti kwa rimoti, mwenyewe, bila kuambiwa. Akasema, "Kumbe walikuwa wanaongea maneno."

Bi Raudha akaletwa na Fauzia. Akakaa kwenye mkeka wake pembeni, karibu na mlango wa koridoni, miguu kaikunjua. Tamthilia yake ikawekwa. Alisikiliza yote mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ni nzuri, mwanangu. Ahsante sana."

Akasimama akarudi chumbani. Amechoka, nadhani. Nimepita kwa Erica kujisifu mpaka akafunga meza.

Jumatatu, 26 Januari

Fauzia kapiga simu saa nne. Mama yake amegonga fremu ya mlango wa koridoni, akitoka jikoni. Ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho.

Jumanne, 27 Januari

Leo naandika kirefu, kwa sababu nataka nisome tena siku nitakayoanza kujiona najua kila kitu.

Nilikwenda asubuhi kwenye mvua. Mzee Makame alinikuta mlangoni, hakusubiri salamu.

"Toa vitambaa vyako vyote! Vyote! Miaka miwili anatembea humu ndani hajagonga hata kiti, umekuja wewe na masweta yako—"

Kelele yake ilifia pale pale mbele yetu. Chumba hakikumrudishia kitu. Naye aliisikia ilivyofia, akabaki ameshika kikofia. Nilijiona mdogo kuliko punje ya mpunga. Nikaanza kutoa misumari.

"Makame, mwache aingie huku," Bi Raudha akaita kutoka chumbani.

Chumba chao kimejaa vitu laini: godoro, nguo zimening'inia, kanga zimekunjwa kwenye kabati lisilofunga. Nyuma ya mlango begi kubwa la kahawia, zipu imefungwa. Bi Raudha alikuwa amekaa kitandani, bandeji juu ya jicho la kulia. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akaniambia nikae, sakafu ina baridi.

"Wajua nilivyokuwa natembea?" akasema. "Nikitoka jikoni, kandambili zangu zagonga kigae, ule ukuta wa koridoni wanijibu. Wanijibu, wanijibu, halafu ghafla haunijibu. Hapo ndipo mlango. Nakata kulia. Jana haukunijibu tangu nilipotoka jikoni. Nikadhani mlango ni hapo, nikakata."

Paneli mbili ndefu. Nilizitundika mwenyewe, na nilizisifia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, mama?"

"Nikuambie nini? Umefanya kazi miezi miwili, watu wamefurahi. Na sauti yenyewe ni nzuri, ila ni ya kiti cha Makame."

Nikamwuliza anamaanisha nini.

"Mimi tangu tununue yale masofa sijakaa juu yake. Nakaa chini, mlangoni, nisikie jikoni. Pale chini kwenye kona ni mvumo tu. Mulipima kwa kioo, Fauzia alinisimulia. Kioo kilimwona Makame."

Mungu wangu. Spika zimenunuliwa kwa ajili yake, ahadi nimeitoa kwa ajili yake, halafu nikaingia nyumbani kwa watu nikamkalisha baba mwenye nyumba kwenye kiti kikubwa bila hata kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Nyumbani kwetu Isongole ningefanya vivyo hivyo: kiti cha baba ndicho katikati. Miezi miwili nimempangia sauti mtu asiyeihitaji. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, kwa kuwa hawezi kuona. Akanipa kona ya kanga yake nijifute.

Halafu akaniambia lile jambo lenyewe, nalo halihusu hata tamthilia.

"Pale sebuleni, kabla hujaja, watu walikuwa wananisemesha kutoka kila upande. Mtu akinisalimu, namgeukia mwenziwe. Makame akiniita, sauti yake yatoka dirishani, nageukia dirisha. Wageni wanacheka kidogo, halafu wananyamaza, na huko kunyamaza ndiko kubaya. Huku chumbani najua kila mtu yuko wapi. Basi nikakaa huku. Lakini mtu hawezi kuishi chumbani kama mwari. Kwa dada yangu nyumba ni ndogo, ya udongo, imejaa watoto na magodoro. Huko nitakuwa mtu."

Nikakumbuka stuli dukani na kikofia kinachozungushwa. "Mama, mzee anadhani umemchoka. Anasema akikuita unamgeuzia uso."

Mvua ilikuwa imepungua, mfereji unatiririka nje.

"Makame asema hivyo?"

"Aliniambia Desemba."

"Mjinga yule," akasema, kwa sauti ambayo wanawake tunaijua. "Anipigia kelele kama nimekuwa kiziwi. Akipiga kelele ndipo anapotea kabisa."

Akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Mwambie asitoe vitambaa. Ule ukuta wa mlangoni niachie, uwe mtupu kama zamani. Mengine tutapanga mimi na wewe."

Alhamisi, 29 Januari

Nilitoa kioo kwenye begi kwa mazoea, nikakirudisha.

Bi Raudha kakaa kwenye mkeka wake. Mimi natembea ukutani na redio ndogo inayoongea taarifa ya habari, yeye ananyoosha kidole. "Hapo yaja mara mbili." Nashusha paneli, naitundika chini, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa sakafuni. "Sasa yaja moja. Endelea." Ana masikio ambayo nimeishi miaka thelathini na nne sijakutana nayo. Aliniambia dirisha la tatu halijafungwa vizuri, nikaenda kuangalia, lilikuwa wazi upana wa kucha.

Ukuta wa mlangoni ni mtupu. Alitoka jikoni mara tano, kandambili zikigonga, akakata kulia mara tano.

Ijumaa, 30 Januari

Masofa yamesukumwa nyuma. Mzee Makame akauliza, "Na mimi nikae wapi?" Bi Raudha akapiga mkeka kwa kiganja. Magoti ya mzee yalilalamika yote mawili, lakini alishuka.

Jumapili, 8 Februari

Mvua kubwa kuliko zote. Nilikuwa nimepanga kujaza sweta juu ya dari kuzuia kelele za bati. Bi Raudha kakataa. Anasema mvua aachiwe, ndiyo inayomwambia mfereji umejaa na nguo zimeloa. Nimekubali haraka. Ukweli ni kwamba mvua ya Tunduma siiwezi, na huu ni mwaka wa kwanza nimeandika neno siiwezi kwenye daftari hili.

Jumatano, 11 Februari

Umeme hakuna. Nimetengeneza pasi ya mkaa, kwa maana ya kuipiga nyundo.

Alhamisi, 19 Februari

Wenzetu wamo ndani ya Ramadhani. Fauzia kapita dukani akitoka kazini. Anasema mama yake sasa anakaa sebuleni tangu alasiri, baada ya futari anasikiliza tamthilia, na anawaambia nani ameingia kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Baba yake anafundishwa kuongea polepole. Akisahau, mama anaweka kidole sikioni.

"Basi tumeshinda," nikasema.

"Begi liko pale pale nyuma ya mlango, dada. Na juzi kaniambia nimkatie tiketi ya basi, Jumanne baada ya Idd. Nimekata."

Mtu anaweza kupenda sebule na bado akaondoka.

Alhamisi, 5 Machi

Nilikwenda kukaza skrubu mbili zisizohitaji kukazwa. Begi lipo. Bi Raudha kanipa uji wa futari niende nao nyumbani, akaniuliza habari za mama na mahindi. Kuhusu safari hakusema neno, nami sikuuliza. Mzee Makame kanisindikiza mpaka barabarani. Kwa sauti ndogo, ambayo bado inamkaa vibaya, kasema, "Fundi, ahadi yako umetimiza. Mimi ndiye niliyechelewa, nadhani." Nimemchukia mwaka mzima kwa makelele yake, na leo ningelipa apige moja.

Jumamosi, 14 Machi

Ile kona nyuma ya mkeka bado inavuma sauti nene zikipita. Inahitaji kitu kinene, kikubwa kama mtu aliyechuchumaa. Sweta zimekwisha. Erica kauza mabaki yote kwa Mzambia mmoja wa Nakonde, kisa kaona mimi nayataka, kadhani ni mali. Nimemwambia nimefuta urafiki mpaka Jumatatu.

Jumapili, 22 Machi

Idd imeingia na watu bado wanakula. Nilitoka kanisani nikapita Majengo na kikapu cha ndizi kutoka Isongole. Mvua zimeanza kukata, tope linakauka kwa mistari.

Viatu vilijaa mlangoni. Sebule imejaa: jamaa za mzee, majirani, madereva wake wawili, watoto na maputo. Runinga imezimwa. Fauzia kaninong'oneza haijawashwa tangu juzi, hakuna aliyekumbuka. Bi Raudha kwenye mkeka, dera jipya la zambarau, kovu dogo juu ya jicho. Kila anayeingia anatoa salamu, naye anamgeukia. Yeye mwenyewe, siyo jirani yake. "Hujambo, Twaibu, umenenepa, nasikia unavyohema." Watu wanacheka, na hakuna anayenyamaza baada ya kucheka.

Sikuwa nimesema kitu, nimesimama tu karibu na pazia.

"Fundi Tukuswiga, mbona wasimama dirishani kama mdai? Kaa."

Nilikaa. Nikainamia sahani, nikajifanya napenda sana sambusa.

Mzee Makame alikuwa nje na wageni. Akaingia amebeba viatu vyake mkononi, akasimama mlangoni, akaita kwa sauti ya chini kabisa, katikati ya watu wote wale wanaoongea.

"Raudha."

Uso wake ukageuka. Ukapita dirisha, ukapita masofa, ukaenda moja kwa moja kwake na kutulia hapo. Mzee Makame aliviweka viatu chini polepole bila kuangalia anaviweka wapi.

Mmoja wa madereva akacheka kicheko kinene, kona ikavuma.

"Ile kona," Bi Raudha akasema. "Bado yanizibia maneno. Fundi, hujaimaliza."

"Sweta zimekwisha, mama. Nimemaliza soko zima."

Akafikiri kidogo. "Fauzia, niletee begi langu."

Fauzia akaenda chumbani, akarudi akilikokota kwa mikono miwili, lile la kahawia, zipu imefungwa, limejaa mpaka limevimba. Mzee Makame akasogea pembeni kulipisha. Hakuna aliyekula.

"Lisukume pale konani. Lisimamishe. Zaidi. Likabe ukuta."

"Mama," Fauzia akasema, "na Jumanne je?"

"Jumanne nisafiri na nguo zipi? Zangu ziko kazini."

Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni mimi, au nilikuwa nalia, kwangu siku hiyo ilikuwa kazi moja. Mzee Makame alishuka kwenye mkeka bila kulalamikia magoti. Bi Raudha akanyoosha mkono upande wangu. "Piga basi, tusikie."

Nikasimama katikati ya sebule, nikapiga kofi moja. Lilikuwa moja.

"Hapo sasa," akasema. Halafu akamgeukia mumewe. "Na wewe, viatu ulivyoviacha katikati ya mlango kaviondoe, nisije nikaanguka mimi."